Mbona wanao wanacheza gizani? Phoenix wakati wa joto

Haya ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Hapa ni Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, na hao mnaowasikia nyuma yangu ni wanangu wanagombania viatu. Kila nikiweka video ya kiangazi, lazima mtu aulize: mbona watoto wako hatuwaoni nje ila gizani? Unawafungia ndani? Leo najibu nikiwa njiani, maana tukichelewa nusu saa tu, tumeikosa siku.

Mwaka 2023 nilikuwa hapa hapa. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, siku 31 mfululizo, joto lilifika au kupita nyuzi 43 za Selsiasi kila siku. Usiku nao hauponyi, kwa sababu lami na zege zilizoshiba jua mchana kutwa huanza kulitema likishazama. Kuna usiku haikushuka chini ya nyuzi 32. Kwa hiyo saa ya mji huu kupoa ni moja, hii ya alfajiri, na sisi wazazi tunaigombania.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Kiangazi chetu cha kwanza nilimpeleka binti yangu, akiwa na miaka mitatu, kwenye uwanja wa bembea wa mtaani saa nne asubuhi. Nikakuta hakuna mtu. Nikafurahi, nikasema leo bembea zote zetu. Mtoto akakimbilia ngazi ya chuma, akashika, akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Malengelenge mawili, chini kabisa ya vidole. Tangu siku ile, kabla mwanangu hajagusa kitu, mimi nakibandika mgongo wa kiganja changu na kuhesabu polepole mpaka kumi. Chuma, plastiki, ile sakafu ya mpira, hata kifungo cha mkanda wa gari. Nisipofika kumi, mtoto hagusi. Lami yenyewe mchana hupita nyuzi 65, sasa fikiria mtoto aliyevua ndala.

Wenzangu wa Pwani, hapa mnisikilize vizuri. Sisi tumezoea joto la unyevu: mtoto akicheza anatota, shati linamganda mgongoni, unajua sasa apumzike. Huku hewa ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona. Mtoto anakuwa mkavu, anaonekana mzima, kumbe maji yanamwisha mwilini. Mimi siangalii jasho, naangalia tabia. Akiacha kucheza ghafla, akianza kununa bila sababu, akisema kichwa kinauma, tunarudi, hata kama tumefika sasa hivi. Naangalia na mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, au akikaa saa nyingi bila kwenda chooni, nimechelewa kumnywesha. Maji wanakunywa kabla hawajaomba. Na wale wenye vichanga, tafadhali msifunike kigari cha mtoto kwa khanga mkidhani mnamtilia kivuli. Hewa haipiti mle ndani na joto linazidi kuliko nje. Wanaokuja huku na wadogo, nawaomba sana mlishike hilo.

Ndiyo hivyo tumefika. Hapa ni Papago Park, na hilo jabali jekundu mnaloliona lenye tundu linaitwa Hole-in-the-Rock. Kupanda ni dakika chache tu, hata wa miaka minne anaweza ukimshika mkono. Milima mirefu kama Camelback sipeleki watoto wakati huu. Na siku za onyo la joto kali manispaa hufunga njia za Camelback tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa sababu wapandaji walikuwa wanazidiwa huko juu na waokoaji nao wanaumia wakiwafuata.

Ikifika saa mbili tuko ndani. Mchana tunalala, tunasoma, tunakwenda maktaba. Basi.

Halafu jioni mji unaamka upya. Viwanja vya maji vinajaa, vile ambavyo si bwawa, ni sakafu yenye matundu yanayorusha maji juu. Hakuna kina, lakini macho nayatoa vilevile, kwa sababu sakafu inateleza.

Kipenzi chetu lakini ni popo. Karibu na mfereji wa Arizona Canal kuna handaki la maji ya mafuriko, na wakati wa kiangazi popo kwa maelfu hukaa mle. Jua likizama tunasimama ukingoni na familia nyingine, watoto wote kimya. Anatoka mmoja. Wawili. Kisha inakuwa kama moshi unaopinda angani. Mwanangu wa kiume huwahesabu mpaka ishirini, halafu ananiangalia, macho yamemtoka.

Na usiku kabisa, nge. Ndiyo, nge! Tunavaa viatu vya kufunika, tunachukua tochi ya ule mwanga wa zambarau, tunapita kando ya ukuta. Ukimmulika nge anang'aa kijani kama taa. Sheria yetu ni moja: mikono mgongoni. Wapo wenye sumu kali huku, kwa hiyo ni kutazama tu, na mimi ndiye natangulia.

Kuna na vumbi. Msimu wa mvua, kuanzia katikati ya Juni, ukuta wa vumbi unaweza kuja ukafunika mji mzima kwa dakika chache. Tukiliona kwa mbali tunarudi. Likitukuta barabarani, natoka kabisa nje ya lami, nazima taa zote, natoa mguu kwenye breki, ili wa nyuma asifuate taa zangu akatugonga.

Ngojeni, ngojeni, linachomoza. Geuzeni macho hapo, upande wa mashariki. Binti yangu ameshakaa ndani ya tundu, amekunja miguu, mwanga unamjia usoni. Jiwe bado lina ubaridi, nimelishika. Nimehesabu nikafika kumi.

Mama, maji! Haya, naja mwanangu.