Nyota Zinazosikika, Maelezo Yanayoonekana

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mliokwama kwenye msongamano wa Thika Road hadi saa hii, karibuni.

Leo nazungumzia jinsi ya kumshirikisha kila mtu katika elimu ya nyota: kiziwi, aliye kwenye kiti cha magurudumu, na asiyeona. Nitaanza na giza. Sisi wapenzi wa nyota tunalisifu mno. Tunazikimbia taa za Nairobi, tunateremka hadi Magadi, na tukifika tu, mtu anafoka: "Zimeni tochi!" Papo hapo kiziwi ametolewa kwenye mazungumzo. Mkalimani wa lugha ya ishara anaendelea na kazi, lakini nani anaiona mikono yake? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola ikuze lugha ya ishara ya Kenya pamoja na breli; haikusema hadi jua litue.

Dawa yake ni rahisi: taa nyekundu, hafifu. Macho yaliyozoea giza hayasumbuliwi sana na wekundu, ndiyo maana wanaastronomia huitumia kusomea ramani zao. Imulikeni mikono ya mkalimani, na uso wake pia, kwa sababu uso nao unazungumza. Halafu badilisheni utaratibu. Tumezoea kumnong'oneza mtu habari za pete za Zohali huku jicho lake liko kwenye darubini. Kiziwi hawezi kuchungulia na kutazama ishara kwa mpigo. Mweleze kwanza, kisha muache atazame kwa raha zake.

Kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, kamera kwenye darubini na skrini mezani vinatosha. Ngazi ya kupandia hadi kwenye darubini haimsaidii.

Sasa asiyeona. Huwa naulizwa, "Huyo atafaidi nini?" Swali hilo hunikera. Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa 2019, ilitengenezwa kutokana na mawimbi ya redio. Hakuna jicho la binadamu linaloyaona, la kwako wala la kwangu. Mwanaastronomia Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, akageuza data za nyota kuwa sauti, akaendelea na utafiti wake kwa masikio, hata kule Cape Town.

Hebu tujaribu. Pigeni kofi moja kila sekunde moja na theluthi. Haya... tena... tena. Hiyo ndiyo kasi ya pulsa ya kwanza, iliyogunduliwa na Jocelyn Bell mwaka 1967: mabaki ya nyota yanayojizungusha, kila mzunguko pigo moja. Mmeihesabu bila kuiona.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa kwa sehemu hapa Nairobi. Kuna kifaa kiitwacho LightSound, kilichotumika Marekani katika kupatwa kwa 2017. Kinageuza mwanga kuwa sauti, na sauti hubadilika kadiri jua linavyofunikwa. Michoro yake iko wazi kwa yeyote, na mafundi wa vifaa vya umeme wa Luthuli Avenue hawashindwi na kuchomelea nyaya. Walimu wa shule za wasioona mlio hapa, nioneni kabla hamjaondoka tupange ni vifaa vingapi. Maswali?