Harlech: Anzieni Chini, Upande wa Bahari

Mabibi na mabwana, wageni wengi wanaoitembelea ngome ya Harlech, huko Wales, huondoka wameiona nusu. Huingia kwa upande wa mjini, hupiga picha ya lango kuu, huzunguka uani, basi. Nawasihi muanzie chini, kwenye kituo cha treni, mlitazame jabali lenyewe. Lina kimo cha karibu mita 60, na ngome imekaa juu yake.

Leo hapo chini pana nyumba, uwanja wa gofu na matuta ya mchanga. Mwaka 1283, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipoanza kujenga, bahari ilikuwa karibu na mguu wa jabali. Fundi wake mkuu, James wa St George, aliteremsha njia yenye ngazi 108 kutoka ngomeni hadi kwenye lango la majini. Kwangu mimi, ngazi hizo ndizo roho ya jengo lote. Madog ap Llywelyn, kiongozi wa Wales aliyemwasi Edward, alipoizingira ngome kwa nchi kavu mwaka 1294, chakula kilitoka Ireland kwa bahari kikapandishwa humo, na ngome haikuanguka. Karne nyingi za mchanga zimeisukuma bahari mbali, na asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini ngome ilijengwa pale.

Upande wa mashariki, ambako jabali halina mteremko wa kutosha, walichonga handaki la wazi la ulinzi katika mwamba, wakaweka lango kubwa kupita kiasi. Mkipita ndani ya lango hilo, tazameni kuta za pande zote mbili: kulikuwa na vizuizi vitatu vya kimia vya kuteremshwa kutoka juu, pamoja na milango mizito isiyopungua miwili. Hata hivyo Owain Glyndŵr, kiongozi wa waasi wa Wales, aliitwaa ngome mwaka 1404, akaishikilia hadi 1409.

Sasa miguu yenu. Daraja lililofunguliwa mwaka 2015 humfikisha hata mwenye kiti cha magurudumu uani. Kuta za juu ni jambo jingine: hufikiwa kwa ngazi nyembamba za kuzunguka, ambazo mvua huzifanya ziteleze. Vaeni viatu vya soli ya mpira. Mnaposhuka, kanyageni upande wa ukuta wa nje, maana huko ndiko kidato cha ngazi kilipo kipana. Wanaobana katikati ndio hukosa pa kuweka kisigino. Upepo wa baharini huko juu ni mkali, kwa hiyo mikono iwe huru, mizigo ikae mgongoni. Na mwenye magoti mabovu asipite barabara ya Ffordd Pen Llech kati ya kituo na mji: ni miongoni mwa barabara zenye mteremko mkali zaidi duniani.