Wa Jirani Anakimbia, Wangu Bado Anasimama Dede

REHEMA: Karibuni tena kibarazani. Mimi ni Rehema, na pembeni yangu yupo kaka Baraka, ambaye leo kaja na macho mekundu kama kachekecha pilipili.

BARAKA: Mtoto kalala saa kumi alfajiri, dada. Saa kumi na moja na nusu kaamka, anacheka. Nikisinzia mnisamehe.

REHEMA: Utaamka tu, maana mada ni yako. Tuna ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa Mbagala. Ni mrefu, kwa hiyo naufupisha. Mwanawe ana miezi 13, hatembei. Akishika kochi anasimama dede, akiachia anakaa chini. Wa jirani wamepishana naye wiki mbili tu, na yeye anakimbia uani anafukuza kuku. Sasa yule jirani katamka neno.

BARAKA: Neno gani?

REHEMA: "Mmembemenda huyu."

BARAKA: Aisee. Hilo neno zito. Kwa wasikilizaji wetu wa Mombasa na kwingineko: huku kwetu kuna imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto anadhoofu na anachelewa kutembea. Ndiyo kumbemenda.

REHEMA: Na anayeshtakiwa ni nani? Mama. Baba anakunywa chai, mama anahojiwa na mtaa mzima kwa sababu mtoto hajainua mguu.

BARAKA: Ila nadhani wazee hawakuwa wanaota. Zamani mama akishika mimba nyingine mapema, aliyeko mgongoni anaachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mwepesi, anakonda. Hata lile neno kwashiorkor, yaani unyafuzi, limetoka kwa Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams alilipeleka kwenye majarida ya tiba mwaka 1935, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeng'olewa nafasi yake na mdogo wake. Kwa hiyo waliona jambo la kweli. Waliloliona ni njaa, wakalipa jina la zinaa.

REHEMA: Haya, tuache zinaa. Mtoto wa miezi 13 hatembei. Kachelewa?

BARAKA: Hapo nina jibu la uhakika. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto 816 katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto wenye afya, wananyonya, nyumba zao hazina dhiki. Matokeo yakatoka 2006. Ukiwaondoa wachache kabisa wa mwanzo na wa mwisho, kutembea bila kushikwa kulianza kati ya miezi 8 na ushee hadi miezi 17 na nusu.

REHEMA: Ngoja. Minane hadi kumi na saba na nusu?

BARAKA: Tofauti ya miezi tisa. Mimba nzima, dada! Na wote hao wazima.

REHEMA: Mbona wa kwangu alipofika mwezi wa kumi na nne nilikuwa silali?

BARAKA: Kwa sababu ulikuwa unamtazama wa jirani. Na kutambaa ndiko kuna vituko zaidi. Kati ya watoto wale, asilimia 4.3 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Wengine walijiburuza kwa makalio, wengine walitoka kukaa wakaenda moja kwa moja kusimama. Wamarekani walipopitia upya orodha yao ya hatua za ukuaji mwaka 2022, kutambaa wakakuondoa kabisa.

REHEMA: Mama mkwe wangu angewapigia simu.

BARAKA: (anacheka) Angewauliza mmesomea wapi.

REHEMA: Lakini kaka, kuna kitu huwa kinanisumbua. Tunaambiwa watoto wa Kiafrika wanawahi. Wanawahi kukaa, wanawahi kutembea, damu yetu ina nguvu. Sasa wako akichelewa unaona hata damu imekusaliti.

BARAKA: Nafurahi umeligusa, maana hilo lilichunguzwa hapo Kenya. Charles Super, mtafiti Mmarekani, alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akachapisha kazi yake 1976. Aliona kweli watoto wa pale wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kama mwezi mmoja hivi. Halafu akatazama akina mama wanafanya nini. Wanawafundisha! Mtoto anachimbiwa kashimo kadogo ardhini, anakalishwa humo, mgongo umeegemea. Anashikwa mikono anachezeshwa hatua. Lugha yao ina maneno maalumu ya mafunzo hayo.

REHEMA: Sisi tunamzungushia mito.

BARAKA: Kitu kilekile. Sasa sikiliza: mtoto hafundishwi kutambaa, na muda mwingi mtoto yuko mgongoni au mapajani. Kwenye kutambaa hawakuwatangulia Wamarekani. Kama ni damu, ingewawahisha kwenye yote. Kumbe kinachowahi ni kile kinachofanyiwa mazoezi.

REHEMA: Kwa hiyo jirani wa Mbagala huenda alimpa wake mazoezi tu.

BARAKA: Au wake kazaliwa na haraka zake. Na kuwahi kutembea hakumpi mtoto cheti cha akili. Wewe ukiwa kazini kuna mtu anakuuliza ulianza kutembea na miezi mingapi?

REHEMA: Hajawahi kutokea. Vipi vile vigari vya magurudumu, unamtumbukiza mtoto katikati anasukuma kwa miguu? Kariakoo vimejaa.

BARAKA: Havimfundishi kutembea. Vinamfikisha kwenye ngazi na jiko la mkaa kabla akili haijafika. Kanada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Hela hiyo nunua mayai. Mtoto anajifunza kutembea kwa kuanguka, na anaanguka kwelikweli. Mtafiti Karen Adolph na wenzake wa New York waliwahesabu watoto wanaoanza kutembea: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17.

REHEMA: Kwa saa?

BARAKA: Kwa saa. Mimi nikianguka mara mbili kwa saa mtanipeleka hospitali.

REHEMA: Turudi kwenye macho yako mekundu. Kilio. Bibi yangu alikuwa anasema usimbebe kila akilia, atadeka. Mwingine atakwambia ana chango, kamtafutie dawa.

BARAKA: Wiki za kwanza kilio kinapanda, kinafika kileleni kwenye wiki ya sita hivi, kisha kinashuka. Hiyo ni kwa watoto wengi, hata wa mama mpole kuliko wote. Montreal mwaka 1986 watafiti Hunziker na Barr waliwaomba akina mama wawabebe watoto angalau saa 3 kwa siku, hata kama mtoto halii. Kufika wiki ya sita wale waliobebwa walilia pungufu kwa asilimia 43.

REHEMA: Mbeleko! Bibi zetu walishinda nayo mgongoni tangu enzi.

BARAKA: Usishangilie mno. Baadaye walijaribu kuwabebesha wale ambao tayari ni walizi sugu, na haikusaidia. Wale inabidi kuvumilia, kupokezana. Ukiona hasira inakupanda, mlaze mahali salama, toka mlangoni upumue. Usimtikise. Kumtikisa kunaumiza ubongo wake.

REHEMA: Hilo lirudieni nyumbani. Na mimi niulize kwa niaba ya wanaorudi kazini baada ya miezi mitatu: mtoto kubaki na dada wa kazi, upendo haupungui?

BARAKA: Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ndiyo inanukuliwa kila kona kuhusu mtoto kushikamana na mama, alianzia Uganda. Vijiji vya karibu na Kampala, 1954, akawa anatembelea familia 26 za Waganda. Kuna kitu kimoja nakipenda sana pale. Akina mama waliokuwa na watoto waliotulia nao walikuwa aghalabu wale ambao ukiwauliza juu ya mtoto wanakueleza mpaka unachoka: analia hivi akiwa na njaa, hivi akiwa na usingizi, ziwa la kushoto halipendi. Wanamjua.

REHEMA: Basi unapotoka kazini, unamuuliza dada: leo kala nini, kacheka na nini.

BARAKA: Na unamheshimu huyo dada, maana na yeye anamjua. Kisha usijitese kutaka kumwelewa kila dakika. Mtafiti Edward Tronick alirekodi mama na watoto wakicheza, akakuta wanaendana kama asilimia 30 tu ya muda. Uliobaki wanapishana, wanatafutana, wanapatana tena.

REHEMA: Asilimia 30. Darasani hiyo ni sifuri.

BARAKA: Kwenye malezi ni uzima.

REHEMA: Lakini tusimalize watu wakadhani hakuna cha kuogopa. Dada yangu aliambiwa "atachangamka tu" mpaka mtoto akafika miaka miwili ndipo wakagundua hasikii.

BARAKA: Kweli kabisa. Nenda kliniki bila kungoja tarehe ya chanjo kama mtoto ana miezi 9 hajaweza kukaa mwenyewe. Au miezi 18 hatembei. Kama hageuki ukimwita, hashtuki sufuria likianguka. Kama mwili umelegea sana au umekakamaa. Kama hajafika mwaka na anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameukunja. Na la kukimbilia kuliko yote: alikuwa anaweza kitu, sasa hawezi tena. Alikuwa anaita "baba", kanyamaza. Hapo usimsikilize anayekwambia subiri, hata akiwa muuguzi.

REHEMA: Na huyu wa Mbagala? Hebu ngoja... niusikilize ule ujumbe tena, kuna mahali niliruka. (anasikiliza) Aah. "Nilijifungua kabla ya siku, mtoto alikuwa njiti, wa miezi saba."

BARAKA: Rehema! Hilo ndilo ulilolifupisha?

REHEMA: Nisamehe, nilikuwa na hasira na jirani.

BARAKA: Mtoto njiti unamhesabia kuanzia siku aliyotakiwa kuzaliwa. Hadi miaka miwili unafanya hivyo. Miezi 13, toa 2.

REHEMA: Kumi na moja.

BARAKA: Miezi 11, na anasimama dede kwa kochi. Yuko barabarani vizuri tu. Kliniki aende, njiti wanafuatiliwa, na kadi aende nayo wamwandikie hiyo hesabu.

REHEMA: Na wa jirani hawajapishana wiki mbili.

BARAKA: Kwa kalenda wamepishana wiki mbili. Kwa mwili ni kama miezi miwili. Mpigie sasa hivi, kabla jirani hajatoka tena uani.