Kabla hujauliza ni rangi gani, uliza imekoza kiasi gani

Haya jamani, naona wa nyuma bado wanatafuta viti, njooni tu hapa mbele nafasi zipo, na mkisogea mtaviona vitambaa vizuri zaidi manake leo nimebeba furushi zima. Asanteni sana kwa kuja. Tunaongelea namna ya kuchagua rangi za vitambaa vya mfarishi wa kushona mwenyewe, ule wa kuunga viraka, na kwa kuwa muda ni mfupi nitakaa sana kwenye jambo moja, kwa sababu naamini kabisa ndilo linaloamua kazi yako itaonekana au itapotea, halafu mengine tutayapitia haraka haraka.

Jambo lenyewe ni kukoza na kupauka. Yaani kabla hujauliza hiki kitambaa ni bluu au ni kijani, uliza kimekoza kiasi gani.

Wengi wetu tukienda kununua tunachagua kwa majina. Nataka bluu, nataka zambarau, na kale ka pinki pale, tunavipanga mezani vinapendeza, tunalipa tunaondoka. Mi mfarishi wangu wa pili niliufanya hivyo hivyo, ulikuwa wa mtoto wa dada yangu, nikachukua kijani na bluu na zambarau na pinki kali moja, vyote vizuri kweli ukivishika mkononi, nikakata nyota, nikashona kwa mkono miezi minne, usiku usiku watu wakishalala. Siku namaliza nikautandika kitandani nikarudi nyuma mpaka mlangoni ili niutazame, na nyota hazikuwepo. Ukiinama ukasogeza uso unaziona, mishono imenyooka, ncha zimekutana sawasawa, lakini pale mlangoni nilipokuwa nimesimama mimi ilikuwa ni rangirangi tu zimechanganyikana, hakuna umbo. Niliumia jamani. Dada aliupokea kwa furaha na mtoto kaulalia miaka, lakini mi lile swali halikuniacha, nimekosea wapi na kila kitambaa nilikipenda?

Jibu nililipata siku nimeupiga picha na simu nikaitoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Vitambaa vyote vinne vikawa kijivu kimoja. Hapo ndo nikaelewa. Jicho likitafuta umbo kwa mbali linafuata mpaka, na mpaka unaoonekana kwa mbali ni ule wa kati ya kilicho cheupe kidogo na kilicho cheusi kidogo, jina la rangi linakuja baadaye. Kijani na zambarau zinaweza kuwa mbali kabisa kwa jina na zikawa zimekoza sawasawa, na ukizishona pamoja ule mpaka wa kati yao unapotea.

Hebu angalieni hivi viwili nilivyoshika. Huku damu ya mzee, huku kijani cha kukolea. Kwa karibu huwezi kuvichanganya hata siku moja. Sasa nyanyueni macho, yafumbeni nusu, kope zikaribie kugusana... mnaona? Vimeungana. Haya sasa naondoa kile kijani naweka pinki iliyopauka, karibu na nyeupe. Fumbeni tena. Mstari unabaki palepale. Na damu ya mzee na pinki ni ndugu wa tumbo moja, zote zimetoka kwenye nyekundu, ila moja imekoza na nyingine imepauka, na hiyo inatosha kabisa kubeba nyota.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Usipange vitambaa kwa familia ya rangi. Panga mafungu matatu, vilivyopauka, vya katikati, vilivyokoza, na usijali fungu moja likiwa na bluu na hudhurungi na kijivu ndani yake, ni sawa kabisa. Kama unasita ufumbe macho nusu, au upige picha ya nyeusi na nyeupe, simu nyingi siku hizi zinaweza. Kuna wanaotumia kipande cha plastiki nyekundu wanachungulia kupitia hapo, kinasaidia, ila mjue kinadanganya kwenye vitambaa vyekundu, vinaonekana vimepauka kuliko vilivyo, kwa hiyo mi nabaki na picha.

Na hapa ndo watu wanajikwaa, kwa hiyo nisikilizeni. Kitambaa hakina kukoza kwake peke yake. Hii bluu ya katikati, nikiiweka kando ya nyeupe inafanya kazi ya kitambaa kilichokoza, nikiihamisha hapa kando ya nili nzito inafanya kazi ya kitambaa kilichopauka, na ni kipande kilekile sijakibadilisha. Ndo maana ukiniletea kipande kimoja ukaniuliza hiki kinafaa, siwezi kukujibu, niletee na majirani zake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule mtindo wa kimraba kidogo katikati halafu vipande vyembamba vinakizunguka, kimoja baada ya kingine, upande huu wa kona vyote vimepauka na upande ule vyote vimekoza. Nimeleta viraka 36 vya namna hiyo, nilivibandika ukutani kabla hamjafika, sita kwa sita. Sasa hivi mnaona almasi kubwa, si ndio? Nageuza vichache... subirini kidogo... hivi. Sasa ni mistari inayokatiza kutoka kona mpaka kona. Nikigeuza tena nawapa umeme wa radi, juu chini juu chini. Viraka ni vilevile, sijaongeza hata uzi. Na mkija karibu mtakuta huo upande uliokoza una vitambaa kumi na kitu, kuna bluu, kuna maji ya kunde, kuna kijani, kuna shati moja kuukuu la miraba, havifanani hata kidogo, vinachoshirikiana ni kukoza tu. Ndo maana nawaambia msiogope vibaki. Mtu mwenye mfuko wa vibaki na macho ya kupima kukoza anashona mfarishi mzuri kuliko aliyenunua seti iliyolingana kila kitu.

Nikishasema hivyo lazima niongelee ujirani wa rangi zenyewe, manake nao una mambo yake. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, mwaka 1824 alipewa kusimamia upakaji rangi kwenye karakana ya Gobelins pale Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji wakamlalamikia kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, nyeusi yao imefifia. Akapima, akalinganisha na nyeusi za sehemu nyingine, akakuta dawa ya rangi haina kosa. Tatizo lilikuwa jirani, ile nyeusi ilikuwa inafumwa kando ya bluu na urujuani, na zenyewe ndo zilikuwa zinaifanya ionekane imechoka. Akaendelea kuchunguza mpaka mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu namna rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inaisukuma mwenzake. Nyie mnaoshona mnalijua hili kwa mikono hata kama hamjawahi kusikia jina lake. Kijivu ulichokinunua kikiwa kijivu, unakishona katikati ya nyekundu, kinaanza kuwa na ukijani. Hujanunua vibaya, kijivu hakijabadilika, ni nyekundu inakisukuma. Dawa yake ni kukijaribu mahali pake kabla ya kukata, basi.

Vitambaa vya maua sasa. Hapa watu wanapoteza hela. Unaona jora lina maua makubwa mekundu kwenye krimu, unasema hiki ni chekundu. Sasa viraka vyako vina upana wa sentimita sita. Ukikata utapata kiraka kimoja chekundu kitupu, kingine krimu kitupu, kingine jani na nusu ua. Ulinunua kitambaa kimoja umeshona vitatu. Kinaweza kuwa kizuri sana, mi napenda hilo likitokea kwa makusudi, lakini nyota ikiwa inategemea hicho kitambaa kuwa kimekoza, ncha mbili zitaonekana na ya tatu itayeyuka. Chukua kadi ngumu, toboa dirisha la ukubwa wa kiraka chako, tembea nalo dukani. Liweke hapa, liweke pale, sehemu tano sita za kitambaa hichohicho. Kinachoonekana dirishani ndicho utakachoshona. Maua madogo madogo na vidoti vya karibu karibu havina tatizo hilo, kwa mbali vinasomeka kama rangi moja.

Halafu kwenye ukingo wa kitambaa, pale pembeni penye jina la kiwanda, mara nyingi kuna vidoti vimepangwa, ni rangi zote zilizotumika kuchapa nakshi hiyo. Vinasaidia kutafuta wenzake. Ila mi sivifuati mpaka mwisho, ukifuata kila kidoti mfarishi unalingana mno mpaka hauna pa kupumzisha jicho wala pa kulishtua. Weka kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vidoti. Njano kali kwa mfano, kidogo sana, njano inavuta jicho kuliko ukubwa wake, vipande vitano sita kwenye mfarishi mzima vinatosha.

Mwanga. Mama mmoja wakati wa mapumziko ameniuliza kwa nini vitambaa vyake vililingana dukani na nyumbani havilingani, na ni swali zuri mno. Dawa mbili tofauti za kutia rangi zinaweza kutoa rangi ileile chini ya taa moja na zikaachana chini ya taa nyingine. Kwa hiyo vipeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana, halafu vitazame tena chini ya taa ya chumba vitakapokaa. Taa zenyewe zina namba kwenye boksi, 2700 inaegemea umanjano, 5000 kwenda juu inakaribia mchana. Mi nashonea chini ya 5000 ila naamua chini ya taa ya chumbani, manake huko ndiko mfarishi unakoishi.

Na kuna jambo la jioni ambalo nikiliwaza bado linanishangaza. Jicho lina chembe za aina mbili, zinazoona rangi zinahitaji mwanga wa kutosha, zile nyingine zinafanya kazi gizani lakini hazitofautishi rangi. Giza likianza kuingia, nyekundu inazama haraka inakuwa kama nyeusi, na bluu inabaki inang'aa. Siku moja kaa tu na mfarishi wenye nyekundu na bluu kuanzia magharibi, usiwashe taa, utaona inapinduka mbele ya macho yako, iliyokuwa inaita imenyamaza na iliyokuwa imenyamaza inaita. Na mwisho kabisa rangi zote zikishaondoka kinachobaki ni kupauka na kukoza peke yake. Kwa hiyo kwa mfarishi, kitu cha chumbani, nyota zako zitaishi muda mrefu kwenye mwanga hafifu kuliko mnavyofikiria.

Mengine haraka. Nyekundu na nili na nyeusi zilowekeni kwanza, kata kipande kidogo kitie kwenye glasi ya maji ya moto na kitambaa cheupe, hicho cheupe kikitoka kimeshika rangi, basi huyo aliyetoa rangi usimshone kando ya nyeupe mpaka umemfua ametulia. Ukipiga pasi, mshono ulaze upande uliokoza, ukiulaza upande wa nyeupe kivuli chake kitapenya juu na mstari ule hautoki. Uzi wa kuungia, kijivu cha katikati kinapotea kwenye karibu kila kitu, usinunue nyuzi kumi. Utepe wa kuzungushia pembeni msiuchague mapema, subirini mpaka sehemu ya juu imekamilika, manake ukiuchagua mwanzoni unajikuta unaulinda ule utepe badala ya kuulinda mfarishi.

Na ukuta. Kama kuna kitu kimoja cha kufanya wiki hii ni kupigilia blanketi la zamani ukutani, vitambaa vya pamba vinanata vyenyewe bila pini. Panga, rudi nyuma hatua tano, ondoka kabisa ukafanye mengine, urudi ukiwa umesahau. Kile jicho linachokikwepa au kinacholing'ang'ania ndicho cha kuhamisha.

Haya, wale niliowaambia mje na vitambaa vyenu vitoeni. Dada uliyevaa kilemba anza wewe, bandika vyote vinane hapo pembeni ya vyangu, usivipange, hivyohivyo. Wote tufumbe nusu. Mnaona viwili vimepotea? Hicho cha kijani na hicho cha kando yake. Kiache cha kijani, najua unakipenda, toa hicho kingine na utafute kilichopauka zaidi kwenye mfuko wako, nina uhakika kimo, nilikiona ulipokuwa unaingia.