Bamvu la Mshtarii

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa ukutani. Ahsanteni kwa kunipa jioni yenu hapa forodhani Lamu.

Naona wako manahodha wanaopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Hao siwafundishi mimi kwamba huko hupiti mpaka maji yajae, wala kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo bamvu, yaani maji makubwa, linapokuja, na katikati maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Mwezi unaivuta bahari, nanyi mnapanga safari kwa mvuto huo. Leo nataka tuufuate mvuto huo huo mpaka kwenye sayari ya Mshtarii.

Mshtarii una miezi mingi, ila mikubwa ni minne: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona Januari 1610. Darubini ya baharini, ukiituliza juu ya ukuta, hukuonesha vitone vyake vimejipanga ubavuni mwa sayari. Ganymede una kipenyo cha kilomita 5,268. Unaipita Utaridi, ambayo ni sayari! Yote minne ni mviringo, kwa sababu uzito wake huivutia kila upande kwenye kitovu. Phobos, mwezi mdogo wa Mirihi, hauna uzito huo, basi umebaki na umbo la kiazi.

Lakini ulionishika moyo ni Io. Unakaribiana kwa ukubwa na mwezi wetu, tena uko mbali sana na jua. Ungetazamia umepoa kama figa la jana.

Njoo, mwanangu. Shika waya huu. Ukunje, ukunjue, upesi upesi, usiache. Haya, gusa pale unapokunjika. Umepata moto, sivyo?

Ndivyo anavyofanywa Io. Njia yake si duara kamili: mara anausogelea Mshtarii, mara anajitenga nao, na mwili wake unakandwa hivyo kila baada ya siku moja na robo tatu. Kule kinachojaa na kupwa ni mwamba wenyewe, hadi mita 100. Na majirani hawamwachi atulie: Io akizunguka mara nne, Europa huzunguka mara mbili na Ganymede mara moja, kwa hiyo wanamvuta palepale, tena na tena, na njia yake haipati kuwa duara.

Machi 1979 wanasayansi watatu, Peale, Cassen na Reynolds, walichapisha hesabu zao: ndani ya Io mawe yameyeyuka. Siku chache tu baadaye chombo cha anga cha Voyager 1 kikapita huko. Mhandisi Linda Morabito, akikagua picha za chombo hicho, akaona wingu kama mwavuli limechomoza ukingoni mwa Io. Ilikuwa volkano, inatema. Kila nikilieleza jambo hili mwili hunisisimka: watu walikaa na hesabu za kujaa na kupwa, wakaujua moto ambao hakuna jicho lililokuwa limeuona.

Europa naye anakandwa, kwa upole zaidi. Dalili ni nyingi kwamba chini ya barafu yake iko bahari ya maji ya chumvi. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Mshtarii 2030, kwenda kuichunguza.

Sasa maswali. Naanza na nahodha pale nyuma.