Uliza goti kwanza: mazungumzo ya mguu wa bandia, Moshi

Habari za mchana jamani, shikamooni wazee. Naona huko nyuma bodaboda wamejaa na huku mbele ni wamama wa kliniki ya kisukari, safi, maana nyinyi ndio tunaoonana sana karakana. Mimi ni fundi viungo bandia, nimesomea hapahapa Moshi pale TATCOT, chuo cha mafundi viungo bandia, kipo hospitali ya KCMC tangu 1981, watu wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma halafu sisi wa mtaani Pasua tunapita getini hata hatujui ndani kuna nini.

Sasa, familia ikiambiwa mguu unakatwa, cha kwanza kuulizwa ni bei ya mguu wa bandia. Mimi nasema ulizeni goti. Dokta, goti linabaki? Ukikatwa chini ya goti kwenye fomu wataandika transitibiali, wamepita kwenye mfupa wa muundi, goti ni lako bado, linakunja, linapanda ngazi. Juu ya goti ni transifemorali, hapo ni paja limekatwa na fundi lazima akuwekee na goti la kutengeneza, na kutembea kunakula nguvu nyingi zaidi, mwenzako mwenye goti lake anashuka Kibosho huku anapiga stori wewe jasho linakutoka. Sisemi mbishane na dokta, nyama ikishaoza imeoza, ila kuuliza ni haki yako. Kuna na kukata penye kiungo chenyewe bila kupasua mfupa katikati, inaitwa disatikulesheni. Na mkono ni hivyohivyo, transiradiali chini ya kiwiko, transihumerali juu yake.

Kile kinachobaki ndio kigutu, na kinapoingia ndio soketi. Hapa naomba mnisikilize, maana wateja wengi wanashika wayo, wanauangalia rangi, wanauliza utaingia kwenye kiatu gani, wakati mguu wa bandia ni soketi bwana, hayo mengine ni bomba na wayo tu. Tunakuzungushia bendeji ya plasta kwenye kigutu, ikikauka tunaivua, tunamimina plasta ndani tunapata sanamu ya kigutu chako. Halafu tunaichonga. Chini ya kifuniko cha goti pana kano nene, inavumilia uzito, hapo tunapunguza plasta ili soketi ibane. Pembeni pana kichwa cha mfupa mwembamba, hakitaki kuguswa kabisa, hapo tunaongeza plasta ili pabaki nafasi. Ndio maana mguu wa marehemu babu haukufai hata kama urefu ni uleule!

Ukivua mguu jioni angalia ngozi. Wekundu ukiondoka ndani ya dakika kumi hivi sawa, ukikaa rudi kwa fundi, na we mama wa kisukari tumia kioo maana ganzi haikwambii kitu. Kigutu kinapungua kadiri siku inavyoenda, ukisikia mguu unacheza ongeza soksi, usikaze mikanda. Na kabla ya kupewa mguu wa bandia, zile wiki za kwanza baada ya kukatwa, bendeji inafungwa kwa kupishanisha, sio kuzungusha duara kama kamba ya mbuzi, na mto chini ya goti hapana hata kama mgonjwa analilia, goti likishagandia limekunja soketi haitakaa vizuri.

Lingine, maana najua mnaogopa kulisema. Mguu haupo lakini vidole vinawasha, vinauma usiku, ndugu wanaanza kutafuta mganga. Hujarogwa. Daktari mmoja wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliwaona hivyohivyo askari waliokatwa kwenye vita yao ya 1861 hadi 1865, akaandika. Ubongo bado unautafuta mguu. Semeni kliniki, dawa zipo, na kuna zoezi la kuweka kioo katikati ya miguu ukachezesha ule mzima huku unautazama humo, wengine linawapunguzia.

Haya, kaka wa kofia, ulitaka kuuliza la pikipiki.