Mashine Tusizozijua: Kuitafuta Kompyuta Ngeni Katika Mtandao wa Ofisi

(Mhadhara kwa maafisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali na SACCOS)

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu wa meza kuu, na nyie wenzangu wa TEHAMA ambao naona mmejazana huko nyuma karibu na soketi za kuchajia, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni kompyuta tusizozijua kwenye mtandao wa ofisi. Ikitajwa hivyo, watu humuwaza mdukuzi. Yupo, sikatai. Aprili 2018 maabara ya Jet Propulsion ya NASA kule California iliingiliwa, na mlango ulikuwa kikompyuta cha Raspberry Pi, kile cha kutosha kiganjani, kilichochomekwa kwenye mtandao wao bila kibali. Aliyeingia alikaa humo takriban miezi 10 akachukua mafaili 23, kama megabaiti 500. Ripoti ya mkaguzi iliyotoka Juni 2019 iliyaeleza yote hayo, lakini kilichonigusa mimi si mafaili. Ni kwamba rejista yao ya vifaa ilikuwa na mapengo, kwa sababu mafundi walikuwa wakiunganisha vifaa bila kuviandika. Hao ni NASA. Sasa wewe wa halmashauri yenye mafundi wawili na ngazi moja ya kuazima! (Kicheko)

Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema. Usianze kwa kumtafuta mwizi, itafute mashine. Mara nyingi mwisho wa kebo utamkuta mfanyakazi mwema aliyetaka wifi ifike mezani kwake. Na kama ni mwizi kweli, njia ya kumfikia ni hiyo hiyo moja: kutoka anwani ya IP (namba ambayo mashine imepewa mtandaoni) hadi anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), kutoka MAC hadi tundu la swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za ofisi), kutoka tundu hadi chumba.

Wengi wetu tukitaka kujua nani yupo, tunapiga ping. Ping ni hodi tu. Mwenye nyumba akiamua kunyamaza, wewe uliyesimama mlangoni utadhani hamna mtu. Windows ambayo faiwoli yake, ule ukuta wa kuzuia wageni, imewashwa na mtandao umetambuliwa kuwa wa umma haijibu ping, ingawa iko hai na mhasibu anaichapia malipo. Ukitengeneza orodha yako kwa ping peke yake, umeorodhesha wapole.

Uliza kwa ARP. Hii ni itifaki ya mwaka 1982, na ndiyo inayobeba mitandao yetu ya IPv4 mpaka leo. Kabla kompyuta haijatuma chochote kwa jirani yake kwenye mtandao wa ndani, lazima ijue anwani ya MAC ya huyo jirani. Inawauliza wote kwa pamoja: nani mwenye 192.168.10.37? Mwenye nayo anajibu. Asipojibu, hatapata pakiti hata moja, hata zile anazozitaka mwenyewe. Ndiyo maana faiwoli za kawaida za kompyuta huiacha ARP ipite.

Programu ya nmap, ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997 na mpaka leo ni ya bure, inafanya hivyo kwa amri fupi: nmap -sn 192.168.10.0/24. Itapita anwani zote za mtandao huo ndani ya sekunde chache. Ila iendeshe ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa mashine, maana bila hayo haiwezi kutuma ARP yenyewe. Inabaki kugonga milango ya 80 na 443, ile ya tovuti, na hapo umerudi kwenye hodi.

Utapata orodha yenye IP, MAC na jina la kiwanda. Nusu ya kwanza ya MAC hugawiwa viwanda, kwa hiyo B8:27:EB itakwambia hii ni Raspberry Pi. Usiiamini kupita kiasi, maana MAC inaweza kubadilishwa kwa makusudi. Simu janja za siku hizi zenyewe hujitungia MAC. iPhone zimefanya hivyo kwa kila mtandao tangu iOS 14 ya mwaka 2020. Utazitambua kwa herufi ya pili ya anwani: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Usipoteze asubuhi nzima kuitafutia kiwanda.

Sasa niwape kisa, maana hiki ndicho mtakachokutana nacho. Ofisi moja, siitaji, ilikuwa na ugonjwa wa Jumatatu. Umeme ukikatika na kurudi, nusu ya wafanyakazi wanakosa mfumo wa malipo, nusu wanafanya kazi kama kawaida. Kufika saa nane baadhi wamepona, wengine bado. Walishabadilisha kebo, wakamlaumu mtoa huduma ya intaneti, wakapiga Windows upya kwenye mashine kadhaa. Mimi nilikaa kwenye kompyuta ya dada mmoja wa masijala nikaandika ipconfig /all, amri inayoonyesha anwani za mashine. Ofisi nzima ilitakiwa kuwa kwenye 192.168.10, yake ilikuwa na 192.168.1.104. Na kwenye mstari unaotaja seva ya DHCP, ile inayozigawia kompyuta anwani zao, pale palipotakiwa kuwa na anwani ya seva yao, palikuwa na 192.168.1.1.

Kuna mtu alikuwa amenunua ruta ndogo ya dukani ili apate wifi, akachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN, la kuelekea kompyuta za ndani, badala ya lile la WAN, la kuelekea nje. Ruta ile ikaanza kugawa anwani kwa ofisi nzima.

Kwa nini basi isionekane kila siku? Kompyuta inapowaka na kukosa anwani, inatangaza mtandao mzima kwamba inaomba, na kwa kawaida inachukua ofa inayowahi. Lakini kompyuta iliyokwisha kupewa anwani huendelea nayo na kuiongeza muda kwa seva ile ile iliyoitoa, kwa hiyo katikati ya wiki mambo yanaonekana shwari. Umeme ukikatika, vyote vinawaka kwa mpigo. Ruta ndogo inakuwa tayari upesi sana. Seva bado inakagua diski zake. Waliowasha mapema wote wanaangukia kwa ruta, waliochelewa kwa sababu ya chai wanaipata seva. (Kicheko) Ndiyo, uvivu ukawa kinga.

Nikaandika arp -a, amri inayoorodhesha MAC za majirani, nikachukua MAC ya 192.168.1.1, nikaenda kwenye swichi kuu. Swichi inayosimamiwa inatunza jedwali la MAC na matundu yake. Kwenye Cisco ni show mac address-table. MAC ile ilikuwa tundu namba 17, na tundu hilo hilo lilikuwa na MAC nyingine tano. Hilo mlikumbuke: tundu moja la mezani likiwa na MAC nyingi, aghalabu mwisho wa kebo ile kuna swichi nyingine, ruta, au kisambaza wifi. Tulifuata kebo mpaka chumba cha mikutano, nyuma ya kabati la mafaili. Ruta ilikuwa imefutwa vumbi vizuri kuliko kitu chochote chumbani. Mwenyewe alikuwa anaitunza.

Dawa ya kudumu ni kuwasha kinga ya DHCP kwenye swichi, ile iitwayo DHCP snooping, ili ofa zikubaliwe kutoka tundu la seva peke yake. Swichi nyingi za ofisi zinayo tayari, hakuna aliyeiwasha.

Kuna dalili nyingine za usanidi mbovu nazipitia upesi. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake mashine iliomba DHCP ikakosa, ikajipa yenyewe. Angalia kebo, au kama seva imeishiwa anwani. Mashine mbili zenye IP moja: mara nyingi mtu aliiandikia printa anwani kwa mkono katikati ya zile zinazogawiwa na DHCP. Kamera za ulinzi zenye nenosiri la kiwandani zibadilishiwe nenosiri leo, maana virusi vya Mirai vya mwaka 2016 viliteka kamera na ruta kwa orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu.

Linalonikera zaidi ni ile kompyuta ya zamani kwenye kona, "usiiguse, ina mfumo wa zamani." WannaCry, ile programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuizuia tangu Machi. Ilizunguka kupitia mlango namba 445, ule wa kushirikishana mafaili, ikitumia toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushirikishana huko. Kwa hiyo ukimaliza orodha yako, piga nmap -p 445 --open 192.168.10.0/24 uone nani kauacha wazi, kisha uliza kila mmoja anamshirikisha nani na kwa nini.

Tahadhari mbili. Kwanza, pata kibali cha maandishi kabla ya kupekua, hata kama wewe ndiye mwenye funguo za chumba cha seva. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018, na mpekuzi asiye na karatasi hana pa kushika. Pili, vifaa vingine ni dhaifu. Printa hupokea kazi kwenye mlango 9100 na huchapa chochote kinachofika hapo. Ndiyo maana nmap yenyewe inauruka mlango huo inapochunguza matoleo ya programu. Ukiilazimisha, utawapa watu wa manunuzi rimu nzima ya karatasi zenye alama za ajabu.

Na ARP ina mipaka yake. Haivuki ruta, kwa hiyo kila VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa, ipekuliwe kivyake. Mashine iliyozimwa haijibu, basi pekua asubuhi, pekua usiku, pekua siku ya mishahara. Iliyoandikiwa anwani ya mtandao mwingine kabisa hutaiona ukiuliza. Hiyo isikilize kwa Wireshark, programu ya kunasa yanayopita mtandaoni, itajitaja yenyewe. Na kifaa kinachosikiliza tu bila kusema bado kinawasha taa ya tundu lake. Simama mbele ya swichi usiku ofisi ikiwa imefungwa, uandike taa zinazowaka. Kazi ya penseli hiyo, lakini hakuna programu inayoishinda.

Tuna muda wa maswali. Ndiyo, kaka.

Anasema swichi yao ni ya bei nafuu, haina jedwali la kusoma. Sawa. Iache kompyuta moja ipige ping -t kwa anwani ngeni mfululizo, kisha baada ya saa za kazi chomoa kebo moja moja. Majibu yakikatika, ndiyo hiyo. Kama kifaa hakijibu ping, tumia arping, inayouliza kwa ARP. Na anza kuweka lebo kwenye kebo usiku huo huo.

Mama pale. Ukiikuta, uchomoe? Inategemea. Ruta inayogawa anwani, chomoa sasa hivi, inaumiza wengine. Ikiwa ni kitu usichokielewa kabisa, piga picha, andika tundu na saa, kisha chomoa kebo ya mtandao lakini umeme uuache, maana ukikizima kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea na wachunguzi watakuuliza.

La mwisho, kijana. Simu ya mkurugenzi? (Kicheko) Iende wifi ya wageni, VLAN yake peke yake, mbali na mfumo wa malipo. Akikataa, aandike barua, na wewe uiweke kwenye faili.